Mwanachuo na Baisikeli Yake
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, wazazi na wanafunzi, Nyamirambo, Kigali)



Kamati imenitaka niseme na vijana wa Chuo Kikuu juu ya matumizi ya fedha. Nimeona kwamba habari za fedha zikisemwa bila mfano huwa mawaidha matupu, na mawaidha vijana wetu wameyasikia mengi. Kwa hiyo nimechagua kuwaelezeni maisha ya mwanachuo mmoja wa hapa mtaani apendaye sana baisikeli: jinsi aishivyo, jinsi atumiavyo fedha zake, na mahali ambapo nusura apotee. Ameniruhusu kutaja hesabu zake, lakini jina lake nitalificha.

Kwanza tufahamu kwamba si ajabu kijana wa Nyamirambo kupenda baisikeli. Mashindano ya kuizunguka Rwanda yalianza mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 yamo katika ratiba ya mashindano ya kimataifa. Kisha mwezi wa Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hata tarehe 28, mashindano ya ubingwa wa dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa hapa Kigali, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikwenda kilomita 267 na nusu. Waliupanda Mlima Kigali, wakapita mtaani kwetu katika kile kipande kikali cha mawe kiitwacho Ukuta wa Kigali. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, na waliofika mwisho ni 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Wazee wengi waliopo hapa walisimama kando ya njia wakayaona hayo kwa macho yao. Basi ikiwa wazee walipiga makofi hata viganja vikawaka moto, tutamlaumuje kijana wa miaka 21 kwa kulala akiota magurudumu?

Kupenda si kosa. Neno langu la leo ni kwamba kupenda kitu ni jambo moja, na kujua kiasi cha kukitolea fedha ni jambo jingine, na aliye na mapenzi makubwa ndiye apaswaye kuwa na hesabu nzuri zaidi.

Sasa nieleze hesabu za kijana wetu. Wazazi wake humpa faranga 70,000 kila mwezi. Akaa chumba kimoja na wenzake wawili, na fungu lake la kodi ni faranga 20,000. Chakula, ambacho hupika kwa zamu maharage, ugali, ndizi na sombe, humlia faranga 28,000. Karatasi na simu ni faranga 6,000. Zamani nauli ya basi kwenda chuoni na kurudi ilikuwa faranga 600 kwa siku, na kwa siku 22 za masomo hiyo ni faranga 13,200. Jumlisheni wenyewe: yote ni faranga 67,200, na kilichobaki ni faranga 2,800. Katika hizo 2,800 ndimo zilimopaswa kutoka sabuni, viatu, dawa ya kichwa, na sadaka. Siku alipochelewa akapanda pikipiki ya kukodi, mwezi uliharibika.

Wakati wa likizo alipata kazi ya kuhesabu magunia katika ghala, akaweka mshahara wake. Alipofikisha faranga 85,000 alikwenda kununua baisikeli iliyokwisha tumika. Hapa nataka vijana wasikilize, kwani wengi hununua kwa macho. Muuzaji alimwonyesha baisikeli mbili. Moja ilikuwa na rangi nyekundu ing'aayo, na nyingine imechubuka. Kijana hakuitazama rangi. Aliipinduza kila moja, akazungusha magurudumu aone kama rimu zimepinda, akakagua maungio ya fremu aone kama yana ufa, akatazama meno ya gia kama yamechongoka, akabana breki. Kigali ni mji wa kupanda na kuteremka. Asiye na gia nzuri atasukuma baisikeli yake kila mlima, na asiye na breki nzuri hatafika bondeni salama. Akachukua ile iliyochubuka kwa faranga 70,000, na zile 15,000 zilizosalia akanunua kofia ngumu ya kichwani na taa. Wenzake walimcheka kwa kuanza na kofia. Mimi nasema ndilo jambo la akili kuliko yote aliyoyafanya siku ile, kwa sababu tairi huuzwa dukani, ama kichwa hakiuzwi.

Je, baisikeli ilimpa faida gani? Kuna watu wasemao kwamba mwenye baisikeli husafiri bure. Maneno hayo si kweli, na yamewapoteza wengi. Baisikeli hainywi petroli, walakini mpandaji wake hula. Katika njia ya tambarare mtu juu ya baisikeli huenda karibu mara tatu ya mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, kwa nguvu ile ile. Lakini mlima hudai haki yake, na haki hiyo hulipwa kwa chakula. Mwezi wa kwanza kijana wetu alitaka kuzidisha akiba kwa kuacha chakula cha asubuhi. Haikupita wiki akawa anasinzia darasani mbele ya mwalimu. Akajirudi, akaongeza faranga 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya uji na mkate.

Kadhalika hutenga faranga 2,500 kila mwezi kwa matengenezo, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Mnyororo hupanguswa vumbi kwa kitambaa na kutiwa mafuta, maana mnyororo uliochakaa hurefuka, na ukirefuka hula meno ya gia. Asiyenunua mnyororo kwa wakati wake atanunua mnyororo na gia pamoja. Matairi huyajaza upepo vizuri, kwani tairi legevu likigonga jiwe mpira wa ndani hubanwa na rimu ukatoboka. Raba za breki huzitazama zaidi wakati wa mvua, kwa kuwa tope na mchanga huzisaga upesi. Kiraka, gundi na pampu anavyo mwenyewe, na kuziba pancha alijifunza kwa fundi wa njiani kwa kumsaidia siku tatu. Na siku za mvua kubwa hupanda basi. Amekadiria siku nne kwa mwezi, nazo ni faranga 2,400.

Tukitoa hayo yote, yaani chakula 2,000, matengenezo 2,500 na basi 2,400, katika zile 13,200 za nauli hubaki faranga 6,300. Hiyo ndiyo faida ya kweli. Kwa faida hiyo baisikeli ya faranga 85,000 hurudisha gharama yake katika muda wa miezi 13 na nusu hivi. Mwanachuo asomaye miaka mitatu au minne atapata nafasi ya kutosha kuifaidi. Na zile 6,300 hakuziacha zikatawanyika. Faranga 3,000 humpelekea mama yake kwa madaftari ya mdogo wake wa kike, 2,300 huweka akiba, na 1,000 ni ya furaha yake. Siku za Jumapili ambazo barabara kubwa za Kigali hufungwa magari yasipite, desturi iliyoanza mwaka 2016, na siku hizi ni mara mbili kwa mwezi, yeye na rafiki zake huzunguka mji wakinunuliana ndizi mbivu na chai. Furaha hiyo siikatai. Mtu asiyejipa furaha ndogo kwa hesabu, ipo siku atajipa furaha kubwa bila hesabu.

Na sasa nafika pale nilipotaka kufika. Baada ya yale mashindano ya mwaka 2025 kijana wetu alibadilika. Ile baisikeli iliyomfikisha chuoni kila siku akaanza kuiona aibu. Akapata habari ya baisikeli ya mashindano iuzwayo faranga 900,000. Muuzaji alikubali kulipwa kidogo kidogo, na sehemu ya kwanza kijana alikusudia kuikopa kwa simu, mkopo wenye riba. Alinijia baada ya sala ya Alasiri kutaka shauri, ingawa niliona usoni kwamba shauri alikwisha lipata na alitaka niliunge mkono tu.

Sikumhubiria. Nilimwambia alete karatasi na kalamu. Nikamwuliza: Baisikeli hiyo itakupunguzia nauli zaidi ya hii? Akasema hapana. Ina karia ya kufungia vitabu? Hapana. Matairi yake membamba yatastahimili njia yetu ya mawe? Akanyamaza. Akaniambia kwamba ni nyepesi mno, na kweli baisikeli za namna hiyo ni nyepesi hata kanuni za mashindano zimeweka mpaka zisipungue kilo 6.8. Nikamwambia agawanye faranga 900,000 kwa faranga 6,300. Akapata miezi 142 na zaidi, karibu miaka 12. Yaani angemaliza chuo, apate kazi, aoe, na mtoto wake aanze shule, baisikeli ingali haijajilipa. Na hapo riba hatujaitia katika hesabu. Alicheka, kisha akainamisha kichwa. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Laiti kila kijana angepata karatasi yake mapema! Namjua mwingine ambaye hakuipata. Alipewa karo ya muhula, akaona muda wa kulipa ungali mbali, akanunua kwa fedha hiyo kitu alichokitamani, kwa nia ya kuzirudisha. Hakuweza kuzirudisha. Siku ya mitihani ilipofika jina lake halikuwamo katika orodha, akapoteza mwaka mzima. Mama yake, mjane, aliuza cherehani yake ili mwanawe arudi darasani. Kijana amerudi kusoma, alhamdulillahi, lakini yule mama sasa hushona nguo za watu kwa mkono. Wanangu, dini yetu imetukataza israfu, na wengi wenu mwadhani israfu ni ya matajiri. Israfu ni kukipita kiasi chako, hata kama kiasi chako ni faranga 2,800. Na aghalabu anayeilipa si yule aliyeitenda.

Nimesema na vijana. Sasa niseme na wazazi na Chama, nanyi mniwie radhi.

Wazee wangu, tusiwacheke vijana waendao chuoni kwa baisikeli. Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba baisikeli ni ya mchukuzi wa ndizi na makaa. Je, mchukuzi wa ndizi hali halali? Kijana akiona aibu kwa yale tunayomcheka, atatafuta heshima mahali pa gharama, na gharama hiyo itarudi mlangoni petu.

Jambo la pili, mabinti. Katika wiki ile ya Septemba 2025 wanawake walishindana katika milima ya Kigali, na wasichana walio chini ya miaka 23 walipewa kwa mara ya kwanza mashindano yao wenyewe ya barabarani. Binti wa Chuo Kikuu hutoa nauli sawasawa na kaka yake. Yapo mavazi ya stara yasiyoingia katika mnyororo, na ziko baisikeli zenye kifuniko cha mnyororo. Mzazi aliyekuwa akitafuta sababu ya kukataa, naomba aitazame hesabu kabla hajakataa.

Jambo la tatu ni ombi. Bei ya ile baisikeli moja ya mashindano ni faranga 900,000. Kwa faranga 850,000 Chama chaweza kuwapa wanafunzi kumi, wa kiume na wa kike, baisikeli za kawaida pamoja na kofia na taa. Isiwe zawadi, iwe karadha isiyo na riba. Kila mmoja akirudisha faranga 5,000 kwa mwezi, baada ya miezi 17 fedha zote zimerudi, na wanafunzi wengine kumi watapewa. Katika faida yake ya 6,300 mwanafunzi atabakiwa na 1,300 mkononi, wala hatamwendea mkopeshaji wa simu. Tena tununue pampu moja kubwa, spana, na chombo cha kukatia mnyororo, viwekwe hapa ofisini, na mafundi wa mtaa walipwe kidogo kuwafundisha vijana siku za Jumamosi. Kijana niliyewaelezeni habari zake amekubali kuwa wa kwanza kufundisha wenziwe, na mimi nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina faranga 85,000 za baisikeli ya kwanza. Zimebaki tisa.

Namwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde katika njia za milimani, awape wazazi wao subira, na akiongoze Chama chetu katika kheri.