Herufi Moja Kwenye Bunduki ya Zamani

(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Leo tutazungumza juu ya bunduki za zamani za kuwindia zilizotengenezwa Ujerumani. Msishtuke. Hatumwambii mtu aende kununua bunduki. Tunataka muone jinsi herufi moja inavyoweza kumwokoa mtu au kumwua.

Katika Ujerumani upo mji uitwao Suhl. Uko kwenye milima yenye msitu mkubwa. Zamani watu wa huko walichimba chuma ardhini. Msituni walipata kuni za kuchoma mkaa. Maji ya mto yaliendesha nyundo kubwa za kufulia chuma. Basi tangu miaka ya 1500 mji huo ukawa mji wa mafundi bunduki. Mwaka 1751 kilianzishwa hapo kiwanda cha Sauer. Mwaka 1898 ndugu wa ukoo wa Merkel nao wakaanzisha chao.

Bunduki moja ya Wajerumani inajulikana sana. Inaitwa Drilling, maana yake ni kitu cha watatu. Ina mitutu mitatu. Kwa kawaida miwili ya juu hupiga marisau, na mmoja wa chini hupiga risasi moja. Mwindaji akikutana na ndege, anatumia marisau. Akikutana na nguruwe mwitu, anatumia risasi. Bunduki ni ile ile moja.

Tena bunduki hizi zina nakshi. Fundi wa nakshi huchukua patasi ndogo kali na nyundo ndogo, akachonga chuma polepole. Huchora majani ya miti, mbwa wa kuwindia, mbweha, ndege na wanyama wenye pembe. Kazi ya bunduki moja huweza kuchukua siku nyingi. Kwa sababu hiyo wapo watu wanaozikusanya, kama wengine wanavyokusanya sarafu za kale.

Je, wakusanyaji hao wako Ujerumani tu? Hapana. Mwaka 1945, mwisho wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waliingia Suhl. Wanajeshi wengi walirudi kwao na bunduki za Kijerumani. Wakazeeka, wakafa, bunduki zikabaki kwa watoto na wajukuu. Mjukuu anaiona bunduki nzuri ya babu. Hajui Kijerumani. Hajui hata ni risasi gani inayoingia humo. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Lakini bunduki yenyewe inasema. Ina maandishi.

Mwaka 1891 Ujerumani ilitunga sheria, ikaanza kutumika mwaka 1893. Kila bunduki ilitakiwa kujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa. Iliyostahimili iligongwa mihuri kwenye chuma. Taji juu ya herufi U maana yake imekaguliwa. Taji juu ya herufi S maana yake mtutu huo ni wa marisau. Taji juu ya herufi G maana yake mtutu una mifuo ndani, ni wa risasi moja.

Ziko na tarakimu. Kwenye bunduki nyingi za Suhl za miaka ya 1920 na kuendelea, utaona kwa mfano 4 27. Anayejua kusoma atasema: mwezi wa 4, mwaka 1927. Basi akija mchuuzi akasema bunduki hiyo ni ya mwaka 1880, hamdanganyi tena.

Utaona pia namba 16 au 12 ndani ya duara. Huo ni upana wa mtutu wa marisau. Lakini angalieni! Mtutu wa 16 ni mwembamba kuliko wa 12. Kwa nini? Chukua ratili moja ya madini ya risasi. Igawe iwe gololi 16 zilizo sawa. Gololi moja ndiyo upana wa mtutu wa 16. Ukigawa kwa 12, kila gololi inakuwa kubwa zaidi. Ni hesabu ya kugawanya, ile ile tunayojifunza darasani.

Sasa tufike kwenye ile herufi moja. Ziko risasi mbili za Kijerumani zinazofanana sana. Moja huandikwa 8x57JR. Nyingine huandikwa 8x57JRS. Someni tena polepole. Namba 8 ni upana wa mtutu kwa milimita. Namba 57 ni urefu wa ganda. R ni ukingo wa ganda. Tofauti ni S tu.

Risasi yenye S ni nene zaidi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kama unene wa karatasi ya daftari. Jicho halioni. Lakini risasi nene ikilazimishwa kupita katika mtutu mwembamba, nguvu ya baruti huzidi. Chuma huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Macho yatapotea, na mikono pia.

Hatari haiishii hapo. Mitutu mingine ya kale ilifanywa kwa kusokota vipande vya chuma na feleji pamoja, kama msukaji wa ukili. Inapendeza kuitazama. Lakini ilifanywa kwa baruti nyeusi ya moshi, siyo kwa baruti kali ya siku hizi. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara haipigi bunduki ya zamani mpaka fundi bunduki aipime.

Tena haisugui kwa msasa ili ing'ae. Akisugua, nakshi inafutika na mihuri inafutika. Bunduki iliyofutwa mihuri ni kama cheti kilichofutwa jina. Thamani imekwenda, na ukweli umekwenda.

Na sheria je? Huko Ujerumani mkusanyaji hupewa kibali maalumu, na lazima aeleze anakusanya nini na kwa sababu gani. Hapa kwetu Tanzania iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bila leseni huruhusiwi kuwa na bunduki. Ukikuta bunduki ya kale darini au shambani, usiivute, usiifungue, usiwape watoto waichezee. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Ndugu zangu, wengine husema: "Mimi nimekwisha jua kusoma kidogo, yatosha." Haitoshi. Anayesoma nusu neno ataona 8x57JR na kuiacha S. Tusome mpaka herufi ya mwisho: kwenye chupa ya dawa ya mifugo, kwenye mfuko wa mbolea, kwenye hati ya shamba. Herufi ndogo haidharauliwi.