Pasaka na Tuta la Ngoro

Msikilizaji, kadi nyingi za Pasaka huchorwa maua ya Ulaya, maana huko sikukuu hii huangukia majira ya kuchipua, theluji ikiwa imeyeyuka. Mbinga hatuna theluji. Pasaka, ambayo haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti 25 Aprili, hutukuta mvua zikielekea ukingoni. Basi wapo wasemao kuwa bustani haina la kutufundisha sisi juu ya ufufuko. Nasema linalo, ila tulitafute kwenye mashamba yetu wenyewe.

Katika miezi hiyohiyo ya Kwaresima na Pasaka ndipo Wamatengo, wakulima wa milima ya Mbinga, huchimba ngoro. Nyasi hufyekwa, zikakauka, kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana hadi mteremko wote ukawa miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika nyasi, na juu ya tuta hupandwa maharage. Shimo huzuia maji yasiburute udongo kwenda bondeni. Nyasi huoza chini kwa chini zikawa mbolea. Ua la Ulaya huonyesha uhai uliorudi baada ya baridi, lakini ngoro huanza kwa maziko. Ndiyo maana mfano wa Yesu katika Injili ya Yohana, wa punje ya ngano inayofia ardhini, humwingia mkulima wa Umatengo bila mkalimani, hata kama ngano hajawahi kuilima. Injili hiyohiyo yasema kaburi lenyewe lilikuwa bustanini, na Maria Magdalena alimdhania Mfufuka kuwa mtunza bustani.

Atakuja mtu aseme: nyasi zilizooza hazikufufuka, zimelisha maharage tu, na maharage nayo yatang'olewa. Hoja hiyo ina uzito, na anayehubiri mzunguko wa majira kana kwamba ndio ufufuko wenyewe amestahili kuulizwa. Lakini Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alikwisha kukiri kwamba kinachopandwa si mwili ule utakaochipua. Mbegu kwake ni mfano, si ushahidi. Ushahidi wake ni watu waliomwona Kristo hai. Huko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay, pingili ya muhogo hufukiwa ikiwa kijiti kitupu, na hakuna anayeidai ithibitishe kitu. Inatufundisha tu namna ya kungoja.

Kwa hiyo wahubiri wetu, kuanzia Litembo hadi ufukweni, waiache theluji ya watu. Mfano wa Pasaka uko mteremkoni, na Aprili maharage yake huwa yameshachomoza.