DINI NA DENI



Maneno haya mawili, dini na deni, yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko asilia yanaandikwa kwa herufi zilezile tatu. Katika miaka thelathini hivi iliyopita yamekutana tena, na safari hii si katika kamusi: yamekutana katika mikutano ya wakuu wa nchi tajiri, katika vitabu vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa, na hatimaye katika madarasa ya shule za msingi za Tanzania. Mkutano huo ndio utakaozungumzwa hapa, maana swali la nafasi ya dini katika ulimwengu wa utandawazi limezoea kujibiwa kwa maneno mapana ya amani na upendo, ambayo hayamgharimu msemaji wala msikilizaji senti moja.

Wako wanaosema kwamba dini ni kasumba, yaani humfundisha mnyonge kustahimili dhuluma ya dunia kwa tumaini la ahera. Wako wengine wanaosema kwamba dini ni siri ya mtu na Mola wake, nayo isithubutu kugusa bajeti ya taifa. Makundi haya mawili hudhani yanapingana. Kwa kweli yamepatana kwamba mtu wa dini hana kauli katika mambo ya uchumi. Mwalimu Nyerere aliyakataa yote mawili. Oktoba 1970, alipowahutubia masista wa Maryknoll huko New York, alieleza kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini, watu hao watakuja kuliona kuwa halina maana kwao. Naye alikuwa Mkatoliki wa kweli, wala hakusema hayo kwa kejeli.

Vitabu vyenyewe havikunyamaza. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, wadeni husamehewa kila mwaka wa saba. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa hamsini ni yubile: mtumwa huachiwa huru na ardhi iliyouzwa kwa shida hurudi kwa wenyewe. Qurani, mbali na kuharamisha riba, inaagiza katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, kwamba mdeni aliye taabuni apewe muda mpaka apate nafuu, na kumwachilia deni kwa njia ya sadaka ni bora zaidi. Aidha, wadeni wamo katika orodha ya wanaostahili zaka. Inafaa mtumishi wa hazina azitazame aya hizo kwa jicho la kazi yake. Zinaweka kikomo cha deni. Aliyeziandikiwa zamani hizo alikuwa mkulima aliyepoteza mavuno na akawa karibu kumweka rehani mwanawe.

Mapema katika miaka ya 1990, Waingereza wawili, Martin Dent aliyekuwa mwalimu wa siasa katika Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters, balozi mstaafu, walitoa wazo kwamba mwaka 2000 ufanywe yubile ya nchi changa. Wazo hilo likawa harakati iliyoitwa Jubilee 2000. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika waraka wake wa mwaka 1994 wa kuitayarisha milenia mpya, alitaja yubile kuwa wakati wa kupunguza, au hata kufuta, madeni ya mataifa. Hapana shaka wenye mabenki walitabasamu. Maneno ya maaskofu juu ya umaskini yalikuwa yamekwisha kusikika mara nyingi, na hesabu hazikubadilika.

Lililobadilisha mambo ni kwamba safari hii waumini walijifunza hesabu. Vikundi vya parokia na vya akina mama vilijifunza maana ya riba juu ya riba, na tofauti ya deni la serikali kwa serikali na deni la mabenki makubwa ya dunia. Tarehe 16 Mei 1998, wakuu wa nchi nane tajiri walipokuwa na mkutano wao Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji. Wengi wao walikuwa watu wa kanisa, wazee wastaafu na walimu, ambao hawakuwahi kuandamana maishani mwao. Wakuu walikuwa wamepelekwa nje ya mji siku hiyo kwa mapumziko. Hata hivyo Waziri Mkuu Tony Blair alilazimika kurudi kuonana na viongozi wa harakati. Mwaka uliofuata, huko Cologne, Ujerumani, wakuu hao waliahidi kupunguza madeni kwa kiasi cha dola bilioni 100 kwa jumla, na hatimaye sahihi zilizokusanywa duniani kote zilifikia milioni 24.

Huko Marekani lilitokea jambo ambalo wachambuzi wa siasa hawakulitazamia. Spencer Bachus, mbunge wa chama cha Republican kutoka Alabama, mhafidhina wa kanisa la Baptisti, alisimama kuwa mtetezi mkubwa wa kufutwa kwa madeni. Hakuvutwa na nadharia yoyote ya unyonyaji; waumini wenzake walimfungulia Walawi. Mwanaharakati wa mrengo wa kushoto asingeweza kumpata mtu huyo kwa hoja zake hata angehubiri mwaka mzima.

Sasa Tanzania. Nchi ilikwishafikia elimu ya msingi kwa wote baada ya Azimio la Musoma la 1974, kisha katika shida za miaka ya 1980 ada zikarudi, na viti vya darasani vikaanza kubaki vitupu. Novemba 2001 Tanzania ilimaliza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, ikapata nafuu iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3 kwa muda wa miaka mingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na MMEM ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 7.5 mwaka 2005. Walimu waliokuwa kazini miaka ile hawahitaji kuelezwa: madarasa yalifurika, zamu mbili zikawa kawaida, na majengo yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Ni haki pia kusema kwamba sehemu ya gharama za MMEM ililipwa kwa mkopo mpya wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Deni moja lilipofungiwa mlango, jingine lilikuwa barazani.

Wala nafuu haikuja bila amri. Kubinafsisha maji ya Dar es Salaam kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyodaiwa na wakopeshaji. Kampuni ya kigeni ilipewa kazi hiyo mwaka 2003, na Serikali ikauvunja mkataba Mei 2005. Kwa sababu kama hizo wanaharakati wa nchi changa walipokutana Johannesburg mwaka 1999 na kuunda Jubilee South, walilikataa neno lenyewe la msamaha. Anayesamehewa, walisema, ni mwenye kosa; je, watu wa Afrika Kusini walikosa nini hata walipe mikopo iliyokopwa na makaburu? Hoja yao ilikuwa nzito kuliko ya wenzao wa Ulaya, nao hawakusikilizwa ipasavyo. Dini iliyozoea kutoa sadaka huona ni rahisi kumhurumia mdeni. Kumuuliza mdai alipataje haki ya kudai ni kazi nyingine, na makanisa mengi ya nchi tajiri yaliishia njiani.

Na kazi hiyo ingekuwa na faida leo. Kwa mipango miwili iliyofuatana nchi zaidi ya 35, nyingi zao za Afrika, zilifutiwa zaidi ya dola bilioni 100. Lakini tangu hapo wadai wamebadilika. Zamani mdai alikuwa serikali au benki ya dunia, na aliweza kuzungukwa na watu walioshikana mikono. Mdai wa siku hizi mara nyingi ni mwenye hati fungani asiyejulikana sura. Zambia ilishindwa kulipa hati zake Novemba 2020, Ghana ikafuata Desemba 2022. Mwaka 2024 shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo lilitaja watu bilioni 3.3 wanaoishi katika nchi ambazo riba ya madeni huzidi matumizi ya afya au ya elimu.

Zambia iliwahi kuonja jambo hilo mapema. Mwaka 1979 ilikopa Romania kwa ajili ya matrekta na zana za kilimo. Mwaka 1999 mfuko mmoja wa wafanyabiashara, wa aina ile inayofananishwa na tumbusi, ulilinunua deni hilo kwa dola milioni 3.3 hivi, kisha ukadai dola milioni 55 mahakamani London. Mwaka 2007 ulipewa takriban milioni 15, wakati Zambia ilikuwa imetoka tu kupata nafuu. Harakati zilezile za waumini zililishika suala hilo, na mwaka 2010 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwazuia tumbusi wasidai zaidi ya kile ambacho wadai wengine wamekubali.

Ili sauti hiyo iwe na nguvu, sharti mwenye nayo asiwe ananunuliwa. Nchini Kenya, ambako muswada wa kodi, uliozaliwa na mzigo wa madeni, ulitupwa Juni 2024 baada ya vijana kumwaga damu barabarani, vijana haohao waliwauliza viongozi wa dini kwa nini madhabahu zilikuwa jukwaa la michango ya wanasiasa. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha zilizotolewa na Rais katika kanisa moja la mji huo zirudishwe. Katika Afrika Mashariki ni nadra fedha kutoka madhabahuni kurudi zilikotoka.

Papa Fransisko, katika waraka wa Mei 2024 wa kutangaza yubile ya 2025, aliwataka tena matajiri wafute madeni. Alifariki Aprili 2025, na Juni tume ya wachumi aliyoiita, chini ya Joseph Stiglitz na Martín Guzmán, ikatoa taarifa yake. Hati fungani nyingi za Afrika zimeandikwa chini ya sheria za Uingereza au za jimbo la New York. Hivyo swali limehamia Albany, makao ya bunge la jimbo hilo, ambako vikundi vya dini vimekuwa vikisukuma muswada wa kuwabana wadai wa namna hiyo. Kikao cha mwaka 2024 kilimalizika bila kuupitisha.