Sherifu Anapobisha Hodi



Huenda baadhi yenu mmejiuliza ofisi ya kulinda haki za watumiaji ina shughuli gani na sherifu wa kaunti, mtu mwenye nyota kifuani na bunduki kiunoni. Shughuli ipo, tena kubwa. Hapa Minnesota, mtu anaposhtakiwa kwa deni la kadi ya benki, anapodaiwa kodi ya pango, au nyumba aliyoiweka rehani inapopigwa mnada, mara nyingi anayefika mlangoni kwake kwa niaba ya mahakama hutoka ofisi ya sherifu. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtu akiona sare huzima taa na kunyamaza. Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake kule ilikozaliwa. Hapa humgharimu mtu nyumba.

Tuanze na jina. Sherifu hana undugu na sharifu tunayemjua pwani. Neno hili ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ni msimamizi wa mfalme katika wilaya, aliyekusanya kodi na kutekeleza amri. Waingereza waliovuka bahari walikwenda nalo Marekani, na huko likapata sura mpya, kwani katika majimbo mengi sherifu huchaguliwa na wananchi kwa kura. Minnesota ina kaunti 87, na kila kaunti ina sherifu wake, anayechaguliwa kwa kipindi cha miaka 4. Kwa hiyo yeye si mtumishi wa meya, wala hayuko chini ya mkuu wa polisi wa mji. Jiji la Minneapolis lina polisi wake. Sherifu wa kaunti ya Hennepin, ambamo Minneapolis na Brooklyn Park zimo, ana ofisi yake mbali. Huendesha jela ya kaunti, hulinda mahakama, hufanya doria katika maziwa na katika vitongoji visivyo na polisi wao, na hutoa vibali vya kubeba bastola. Hayo tuyapite. Linalotuhusu leo ni dawati moja la ofisi hiyo, lile la hati za madai.

Ndugu zetu mliotoka Kenya au Tanzania mnamjua dalali anayekuja na amri ya mahakama kubeba makochi. Dalali ni mfanyabiashara mwenye leseni. Naibu wa sherifu ni mwajiriwa wa umma. Ada ya kufikisha hati hulipwa na yule aliyeomba ifikishwe, si na yule anayeipokea mlangoni. Naibu aliyeleta hati hakuombi senti.

Hati yenyewe huwa na sehemu mbili: wito wa mahakama, na maelezo ya madai. Si hati ya kukamatwa. Katika kesi ya kawaida ya deni, sheria ya Minnesota humpa mdaiwa siku 21 tangu siku aliyofikishiwa ili ajibu kwa maandishi. Asipojibu, mdai huweza kuomba hukumu ya upande mmoja, na hukumu hiyo humpa njia ya kuufikia mshahara na akaunti ya benki. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kesi nyingi za madeni hupotea kwa kimya, hata pale ambapo deni si la mtu huyo, au limekwisha kulipwa, au kiasi kimetiwa chumvi. Kuna jambo jingine linalowashangaza watu: katika jimbo hili kesi huweza kuanza kwa kufikishwa hati kabla haijasajiliwa mahakamani. Ukipiga simu kwa karani akakwambia haioni kesi yako, usidhani hati ni ya uongo ukaitupa. Siku 21 zinahesabika.

Wala kujificha hakusaidii. Sheria inaruhusu hati iachwe nyumbani kwa mtu mwingine anayeishi humo, mwenye umri na akili ya kutosha. Mama yuko kazini usiku katika nyumba ya wazee, kijana wake wa miaka 17 anafungua mlango, anapokea bahasha, anaiweka juu ya friji na kuisahau. Mbele ya sheria, mama huenda akahesabiwa kuwa amekwisha fikishiwa. Waambieni watoto, na binamu anayelala sebuleni pia: karatasi yoyote iliyoletwa kwa mkono ikabidhiwe mwenyewe siku hiyohiyo. Anayeileta huenda asiwe hata na sare, kwa maana mtu yeyote aliyetimiza miaka 18 na asiyehusika katika kesi anaweza kufikisha hati.

Sasa yuko sherifu wa simu. Huyu hujitambulisha kwa cheo na namba ya beji, pengine kwa jina la naibu aliye kazini kweli, na simu yako huonyesha namba ya kaunti. Anasema uliitwa kuketi katika baraza la mahakama na hukufika, kwamba hati ya kukukamata imeshatiwa sahihi, na kwamba unaweza kuepuka jela ukilipa sasa hivi, kwa kadi za zawadi za dukani au kwa mashine ya sarafu za kidijitali, huku ukibaki hewani bila kumwambia mtu. Huyo ni tapeli. Ofisi ya sherifu haipokei malipo ya kadi za zawadi, na haimpigii mtu simu kumuuzia uhuru wake. Kata simu, tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya sherifu wa kaunti yako, kisha upige uulize. Usiitumie namba aliyokupa.

Turudi kwenye nyumba, maana hapa ndipo machozi yalipo. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli, kukata umeme au kutoa vitu vyako nje kwa sababu umechelewesha kodi. Akifanya hivyo anavunja sheria. Tangu Januari 1, 2024, anayetaka kumshtaki mpangaji kwa kodi isiyolipwa lazima kwanza ampe notisi ya maandishi ya siku 14. Baada ya hapo ndipo kesi, kisha kikao cha mahakama. Hakimu akimpa mwenye nyumba ushindi, hutolewa amri ya kurejesha nyumba, na mtekelezaji wake ndiye sherifu. Naibu huja kwanza kuikabidhi au kuibandika mlangoni, nayo huwapa waliomo saa 24. Akirudi, anakuja kuwatoa.

Katika saa hizo watu humlilia naibu. Tunaelewa, lakini naibu hana mamlaka ya kuongeza hata saa moja. Mwenye mamlaka ni hakimu, na ombi linapaswa kufika mahakamani, ambako utekelezaji unaweza kuahirishwa kwa muda usiozidi siku 7 kama familia itapata shida kubwa. Na kama kesi ni ya kodi peke yake, mpangaji bado anaweza kuiokoa nyumba kwa kulipa kodi yote inayodaiwa pamoja na gharama za kesi, kabla sherifu hajaikabidhi kwa mwenyewe. Wengi huhama wakiwa na haki hiyo mkononi.

Kwa walionunua nyumba kwa mkopo, mambo ni tofauti, na kwa kweli ni mapana zaidi. Sherifu ndiye anayeendesha mnada, baada ya tangazo kuchapishwa gazetini kwa wiki 6 na anayekaa humo kupelekewa notisi wiki 4 kabla. Mnada ukiisha, mwenye nyumba hatolewi kesho yake. Kwa kawaida ana miezi 6 ya kukomboa, na katika muda huo anaendelea kuishi ndani. Nyumba ikiuzwa kwa dola 260,000 na madeni yote yaliyo juu yake pamoja na gharama ni dola 240,000, zile 20,000 zilizobaki ni zake, ila sharti azidai kwa sherifu.

Mwenye hati mfukoni leo asiondoke nayo bila kutuona. Meza yetu iko karibu na mlango. Njoo na kurasa zote, hata zile zisizo na jina lako, na utuambie ni siku gani hasa ilifika na nani aliipokea. Hayo ndiyo maswali mawili ya kwanza tutakayokuuliza.