Kabla ya Kuanza Kazi ya Ndege: Vyeti, Vipimo na Haki ya Mtoto Wetu

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Migori na Homa Bay



Siku hizi haikosi mzazi anayesimama kikundini na kusema, "Nichangieni, mtoto wangu ameitwa kazi ya ndege." Ni jambo la kufurahia. Mshahara wa mhudumu wa ndege waweza kusomesha wadogo zake. Lakini kati ya kuitwa na kuanza kazi kuna malango mawili: kuchunguzwa mwenendo na kupimwa afya. Hapo ndipo pesa ya kikundi hupotea, na hapo ndipo vijana wengine hurudi nyuma bure kwa woga. Tuyaangalie pole pole.

Lango la kwanza: mwenendo

Mhudumu wa ndege huingia sehemu za uwanja ambazo mimi na wewe haturuhusiwi. Kwa hiyo sheria za usalama wa ndege, hapa na nchi nyingine, zinataka ajulikane ni nani, amefanya kazi wapi, na kama amewahi kupatikana na hatia kortini. Ndiyo sababu anaulizwa cheti cha tabia njema kutoka DCI. Maombi hufanywa kwa eCitizen, ada ni kama shilingi elfu moja hivi, kisha alama za vidole huchukuliwa. Si lazima afunge safari ya Nairobi. Aulize kwanza Huduma Centre ya Migori au ya Homa Bay. Kijana aliyezoea jembe, kamba za wavu au sururu ya mgodini, vidole vyake huwa vimechakaa na alama hazitoki vizuri. Apumzishe mikono siku chache na apake mafuta.

Shida yetu kubwa huku ni majina. Mtoto nyumbani ni Atieno, kanisani ni Mary, shuleni mwalimu aliandika jina la babu. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha KCSE kinasema vile, pasipoti nayo ina lake. Anayechunguza hajui mila zetu. Yeye anaona watu watatu. Wekeni makaratasi ya watoto mezani leo, wakiwa bado shuleni, mlinganishe. Kurekebisha mapema ni rahisi kuliko kukimbizana na wakili wakati kazi inangoja.

Sasa hili mlisikie vizuri. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilibadilishwa. Mwajiri haruhusiwi kudai vyeti kama hicho cha tabia njema mpaka awe anakusudia kuandikiana mkataba na mwombaji. Kwa hiyo mtu akisema, "Leta vyeti vyote na pesa ya kuitwa kwa mahojiano," mjue ana lake. Kenya Airways, Emirates na Qatar Airways zote zimeonya watu kwamba hazitozi pesa kuajiri. Na wakala akitaka kumpeleka kijana kazini nje ya nchi, ulizeni kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Lango la pili: afya

Daktari anatafuta nini? Anataka kujua kama huyu mtu ataweza kufungua mlango mzito na kutoa abiria nje wakati wa hatari. Atapima macho, masikio, moyo, presha, kifua na mgongo. Atauliza juu ya kifafa na kisukari. Emirates hutaka mkono ufike sentimita 212 mtu akisimama kwa vidole vya miguu, maana vifaa vya dharura viko juu.

Masikio yana maana sana, kwa sababu hewa ya ndani hubadilika ndege ikipanda na kushuka. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi, kama ya mlima wa mita 2,400. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mwinuko wa ziwa letu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi Nyanza, anaweza kuumwa sana katika hewa kama hiyo. Asimfiche daktari.

Sasa tuseme lile tunalolisema kwa kunong'ona. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa watu wazima 19.6 kwa kila mia Homa Bay, na 13 kwa kila mia Migori. Wengi wa hao wanakunywa dawa, wana nguvu, wanalima, wanafundisha. Je, mtoto kama huyo aambiwe kazi ya ndege si yake?

Huko Afrika Kusini kijana mmoja, Hoffmann, aliomba kazi hiyo mwaka 1996. Alifaulu mahojiano, daktari akaona anafaa, lakini damu ilipoonyesha virusi akakataliwa. Shirika la ndege lilidai hataweza kuchanjwa homa ya manjano na kwamba hataishi miaka mingi. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba ilisema amebaguliwa, ikaamuru apewe kazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi ili aajiriwe, na ipo Mahakama Maalum ya Ukimwi ya kusikiliza malalamiko. Kuhusu chanjo, mwenye kinga nzuri huweza kuchanjwa kwa ushauri wa daktari. Mwenye kinga ya chini sana hashauriwi.

Lakini tusidanganyane. Nchi za Ghuba hupima virusi na kifua kikuu kabla ya kumpa mgeni kibali cha kukaa, na sheria yetu haifiki huko. Kwa hiyo kijana anayelenga Dubai au Doha apimwe kwanza hapa nyumbani, kwa siri, bila malipo, kabla mzazi hajauza ng'ombe. Na mtu asiache dawa eti kipimo kisione. Kipimo kitaona tu, na yeye ataugua. Kazi za ndege ziko hapa Kenya pia.

Tukumbuke

1. Majina yalingane katika makaratasi yote.
2. Mchango utoke baada ya kikundi kuithibitisha barua ya kazi kwa shirika lenyewe, si kwa wakala.
3. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, kadi itunzwe.
4. Habari ya damu ya mtu ni yake. Haisomwi kwenye mkutano wa kikundi.

Maswali ya kujadiliana

Kikundi chetu kina nani wa kuhakikisha barua ya kazi? Mtoto akirudi bila kupita vipimo, tutampokea vipi? Nani kati yetu ana makaratasi ya mtoto yenye majina mawili, na tutamsaidia lini?