Mtoto Akiumia, Maumivu Nayo Yatibiwe

Uwe hapa Bujumbura, Buyenzi au Bwiza, uwe kambini Musasa au Kavumu, leo naongea na wewe unayelea: mama, baba, bibi, dada mkubwa.

Mtoto akiungua kwenye imbabura au akivunjika mkono, mara nyingi neno la kwanza tunalompa ni "Nyamaza!" Akinyamaza, tunashukuru. Lakini kunyamaza si kupona. Maumivu yakizidi, mtoto hukosa hata nguvu ya kulia. Analala kimya, hataki kunyonya, hataki kuguswa. Huyo ndiye wa kukimbizwa kwanza.

Usidhani mtoto mchanga hasikii. Hadi miaka ya 1980, hata katika nchi tajiri, wachanga walipasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa kuwa wakubwa waliamini hivyo. Leo inajulikana wazi kwamba anasikia.

Sasa, kabla ya kutoka nyumbani. Ameungua? Mwagia maji safi ya baridi, si barafu, dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Amevunjika? Funga mkono kwenye kibao au kadibodi usitikisike. Asije mtu akauvuta.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 150. Kidonge cha mkubwa cha miligramu 500 kinazidi hapo mara tatu. Kikirudiwa kinaweza kuharibu ini. Aspirini usimpe mtoto. Na kwa mchanga, uliza mganga kwanza.

Ukifika kwenye dharura, sema mambo matatu: anaumia wapi, tangu saa ngapi, na umempa dawa gani saa ngapi. Ya kienyeji pia itaje, hakuna aibu. Halafu uliza kwa heshima: "Daktari, amepata dawa ya maumivu?" Swali hilo ni haki ya mtoto, si matusi.

Wengine wanaogopa kwamba dawa itaficha ugonjwa wa tumbo. Hapana. Mtoto aliyetulia hupimwa vizuri zaidi. Wengine wanaogopa mofini. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Hospitalini hutolewa kwa kipimo, mtoto akiangaliwa anavyopumua. Kutuliza maumivu makali ya siku chache hakumfanyi awe mlevi wa dawa.

Wewe nawe una dawa mikononi. Mnyonyeshe anapochomwa sindano. Mpakate, mwimbie. Usimdanganye kwamba haitauma, mwambie, "Itauma kidogo, niko hapa." Mkubwa kidogo, muulize: hakuna, kidogo, au sana?

Usichelewe kwa kuhofia pesa. Tangu Mei 2006, Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo na hospitali za serikali. Chukua karatasi zako, uende.

Mtoto hawezi kujisemea mbele ya daktari. Ulimi wake ni wewe.