Ziwa Moja, Vijiji Vingi



Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, nimetakiwa niseme machache juu ya faida ya ushirika. Habari za bei na mizani mwazijua kunipita mimi. Kwa hiyo leo nawaletea habari ya maji machafu, nanyi msione haya kuisikiliza, kwani asiyetaka kuyanena maji machafu mwisho huyanywa.

Katika nchi ya Ufaransa, kwenye milima ya Alps, liko ziwa liitwalo Annecy, lenye urefu wa kilomita 14 hivi. Kando yake upo mji wa jina hilo hilo, na vijiji kama Talloires, Menthon na Sevrier, ambavyo wakati wa joto hupokea wageni wengi wanaokuja kuogelea na kupumzika. Ziwa hilo ndilo shamba lao, kwa maana riziki ya wengi hutoka humo. Tena ndilo kisima chao, kwa kuwa mji huteka humo maji ya kunywa.

Zamani maji ya vyoo na ya jikoni, ya nyumba na ya hoteli, yalikuwa yakiishia ziwani. Kila mmoja aliona kwamba uchafu wake ni kidogo na ziwa ni kubwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Maji ya ziwa lile huchukua miaka 4 hivi kubadilika, basi kiingiacho leo hakitoki kesho. Tena uchafu huo huyarutubisha maji kama samadi irutubishavyo shamba. Mwani husitawi, kisha hufa na kuoza, na katika kuoza humaliza hewa ambayo samaki huihitaji. Daktari mmoja, Paul Servettaz, mpenda kupiga mbizi, aliyaona mabadiliko hayo chini ya maji, akawaonya wenziwe kwamba ziwa linaugua.

Basi mwaka 1957, meya wa Annecy akiwa Bwana Charles Bosson, mitaa minane ya kandokando ya ziwa iliungana katika chama kimoja. Shauri lilikuwa hili: je, kila kijiji kijenge mtambo wake? La, kwani hata maji yaliyosafishwa huweza kubaki na rutuba ya kuulisha mwani. Wakaamua kulaza bomba kuu kuzunguka ziwa, lipokee maji machafu ya wote, na mahali pasipo na mteremko pampu ziyasukume mbele, hata yafike kwenye mtambo ulio upande wa chini, mbali na ziwa. Huko vyuma huzuia takataka, mchanga hutuama, na vijidudu vilivyopuliziwa hewa huula uchafu. Tope hutengwa, nayo maji yaliyosafishwa huachiliwa katika mto Fier, ambao hauingii ziwani.

Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, katika miaka ya 1960 na 1970, na gharama yake ilikuwa kubwa. Tafakarini ugumu wa kumwomba mtu fedha za kitu kitakachofukiwa ardhini asikione tena! Tena mitambo ya mahali pa wageni haina budi kutosha siku ya umati mkubwa, ingawa siku nyingine watu ni wachache. Wala kijiji kimoja kingejitenga, jasho la wenziwe lingalipungua thamani, maana maji ya ziwa hayana mpaka. Leo Annecy huhesabiwa miongoni mwa maziwa safi kabisa ya Ulaya.

Ndugu Wanachama, nasi tunayo mito inayopita shamba hata shamba. Maji ya kuoshea kahawa yakiachiwa mtoni pale juu, jirani wa chini ndiye ayatekaye. Mashimo ya kuyatuliza maji hayo ni gharama isiyoonekana katika malipo ya msimu, na ndiyo maana mmoja peke yake huiahirisha. Katika miaka kumi ijayo, naomba kila chama cha msingi kilete jambo hili mkutanoni, tuchangie kwa pamoja, kabla mto haujatudai.

 Ushirika wetu na udumu.